Sahihi Katika Daftari la Chakula

Chini ya Mlima wa Kusini,
Hanyang, mji wa mfalme.
Siku ya kumi na saba, mwezi wa kumi,
Mwaka wa Nyoka.

Mpendwa binti yangu, Mama Bok-sil,

Pokea salamu za mama yako, nyingi kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba. U hali gani, mwanangu? Mgongo uliokuwa ukikuuma baada ya kujifungua umepoa? Mume wako bado anafundisha watoto wa kijiji, au wazazi wao bado wanamlipa kwa viazi na ahadi? Mama mkwe wako kifua chake kimetulia? Bok-sil ameota tena meno ya mbele? Na huyu mdogo ambaye sijamtia machoni, ananyonya vizuri? Nijibu yote, usiruke hata moja, maana barua zako nazisoma mpaka karatasi inachanika kwenye mikunjo.

Sisi huku tupo. Bibi yako ametimiza miaka themanini na mmoja. Sikio la kushoto limekufa kabisa, ila la kulia linasikia hata yasiyosemwa. Anakusalimu na kusema mwani uliompelekea ni mlaini. Ameula na supu siku tatu mfululizo na hakutaka kumgawia mtu. Wifi yako, mke wa Chi-un, anakusalimu. Amekonda, lakini anafanya kazi zake na halalamiki, na afadhali angelalamika. Mtoto wao Yeon-i ana miaka mitatu sasa, anajua kusema shangazi ingawa hajakuona. Sam-wol, mtumishi wetu, magoti yanamsumbua; amenisaidia kutia figili kwenye maji ya chumvi, mitungi minne tu mwaka huu. Baba yako mdogo anakusalimu pia. Ameniambia niandike hivyo, nami nimeandika.

Marehemu baba yako tulimfanyia tambiko lake mwezi uliopita. Aliyemimina pombe mbele ya kibao chenye jina lake si Chi-un. Utaelewa ukisoma.

Samahani kwa mwandiko wangu. Unajua najua haya maandishi yetu ya wanawake tu. Soma taratibu, na kama mama mkwe wako yuko karibu, soma peke yako kwanza.

Mzee Geum-dong, mtumishi wenu aliyetuletea mwani, ananiambia alipotoka kwenu siku ya ishirini na tatu ya mwezi wa tisa mlikuwa mmesikia tu kwamba wanachuo wa huku wamekamatwa. Basi hamjui kitu. Sikukuandikia mapema kwa sababu sikuwa na mtu wa kumtuma, na kusema kweli, nilikuwa naona haya.

Mdogo wako hayupo nyumbani. Amepelekwa uhamishoni kisiwani Jindo, hapo ng'ambo ya kwenu, na mimi ndiye chanzo.

Kaa chini nikueleze.

Unajua Chi-un alivyokaa Chuo cha Mfalme miaka miwili. Unajua pia ile kanuni yao ya bwalo: asubuhi anakula anatia sahihi kwenye daftari, jioni anakula anatia sahihi, sahihi mbili zinakuwa alama moja, na asiyefikisha alama mia tatu hakai kwenye mtihani mkuu. Mimi vitabu vyao sivijui, lakini hesabu hiyo niliijua kuliko yeye mwenyewe. Kila alipokuja nyumbani, kabla hajavua kofia, nilimuuliza zimefika ngapi. Mwezi wa saba akaniambia mia mbili na tisini na tatu. Zimebaki saba. Saba tu, binti yangu, baada ya miaka yote ile tuliyokula uji wa shayiri ili yeye apate karatasi na wino.

Basi ndipo yakatufikia mambo ya Mwalimu Seol. Unamkumbuka, yule mzee aliyekuja kwenye maziko ya baba yako na viatu vya majani, akalia kuliko ndugu. Alimwandikia mfalme kwamba hawa walioshika baraza sasa wanawafunga watu kwa chuki zao na kuziita sheria. Kwa maneno hayo wakampeleka uhamishoni kaskazini, na haikutosha. Mwezi wa sita ofisa akamfuata huko na bakuli la sumu. Wanasema alivaa nguo safi, akainama kuelekea ikulu, akanywa, na kwa kuwa haikumuua upesi wakamwongezea bakuli la pili. Watu waliomuua ndio hao hao wakaleta karatasi Chuoni, kila mwanachuo atie sahihi kumshukuru mfalme kwa kuwaondolea mwalimu mbaya.

Vijana walikataa. Wakatoka bwaloni wote kwa pamoja, wakaenda kupiga magoti mbele ya lango la ikulu. Kwao kuacha bwalo si kususa kama mtoto anavyosusa. Ni kusema chakula cha mfalme hatukili mpaka atusikie. Na anayebaki ndani na bakuli lake, huyo amekubaliana na wauaji. Haya nayajua sasa. Wakati ule mimi nilikuwa nawaza saba.

Nyuma ya Chuo kuna mwanamke anauza nyama ya ng'ombe. Mumewe, Mak-san, ni mtumwa wa Chuo, na ndiye mtunza daftari la bwalo mwaka wa kumi na mbili huu. Nilipita kununua mifupa ya supu ya bibi yako, akaniambia, "Mama Chi-un, daftari halijafungwa. Wanaotia sahihi bado wanahesabiwa. Wenzake wakishamaliza ujinga wao huko langoni, wa kwako atajuta hizi siku saba."

Binti yangu, sikulala kwa hesabu hiyo. Kesho yake nikambebea mtungi wa mchuzi wa soya, ule niliouweka mwaka ulipoolewa wewe. Nikakata kipande cha chini cha barua ya Chi-un, pale penye sahihi yake, nikampa Mak-san aifuate. Akaifuata siku saba, asubuhi na jioni, kisha akanirudishia kipande changu. Alama zikatimia mia tatu. Nilirudi nyumbani najiona mwerevu.

Na siku zote hizo mwanangu alikuwa kapiga magoti juani. Nilimpelekea matonge ya shayiri, akayakataa, akanywa maji tu. Midomo ilikuwa imempasuka. Mimi nimesimama pale na kapu langu nikijisemea moyoni, lia njaa mwanangu, mama amekufanyia jambo, utanishukuru.

Siku ya nane askari wakawazoa wote. Hakimu akaagiza daftari la bwalo liletwe, lisomwe hadharani, ili ajue nani alikula chakula cha mfalme na nani alikisusa. Katika wote waliokamatwa langoni, jina lililokutwa kwenye daftari la siku zile lilikuwa moja. Hakimu akamsimamisha mdogo wako mbele ya wenzake akamsifu. Akasema huyu magoti yake yalikuwa kwa wapumbavu lakini mdomo wake ulikuwa kwa mfalme. Akamwachia aende nyumbani, na ruhusa ya mtihani juu.

Chi-un alidhani wamekosea jina. Alipokuwa anapita kati ya wenzake waliofungwa mikono, Ok Se-pil, yule rafiki yake wa chanda na pete aliyekuwa akilala kwetu mvua ikimshika, akamwambia taratibu, "Chi-un, wali uliiva vizuri?"

Viongozi wao walitiwa ndani. Wengine walichapwa, wakafutwa Chuoni, wakaachiwa. Hao walioachiwa ndio waliokuja kwetu na ngoma. Ni desturi yao: jina la msaliti wanaliandika kwenye ngozi ya ngoma na kuipiga kuanzia Chuoni mpaka nyumbani kwake, watu wote watoke kusoma. Waliipiga siku tatu. Mwenye kijiti alikuwa Se-pil. Walimwita Chi-un atoke aje kula, leo kuna supu ya mwalimu. Bibi yako, kwa sikio lake la kulia, aliisikia, akauliza ni arusi ya nani.

Wifi yako akienda kisimani wanawake walimpa migongo. Mmoja alimwaga maji yake yote aliyoyachota akaanza upya, ati ndoo zisigusane. Yule mtoto wa watu alirudi na ndoo yake, akapika.

Chi-un alituuliza mmoja mmoja nani amefanya. Nilisema sijui. Na kwa kuwa mke wake anajua kuandika kidogo, akamshuku yeye. Alimuuliza mbele yetu sote. Wifi yako alikuwa ameniona nikitoka na mtungi. Alijua. Aliinamisha kichwa akanyamaza, nami nikamwacha ananyamaza siku tatu, analala chumba cha Sam-wol kama mwizi. Hili ndilo ninaloliona haya kuliko yote, kuliko hata daftari. Daftari ni ujinga. Hili halikuwa ujinga.

Siku ya nne nilimwita Chi-un nikamweleza yote, mtungi, kipande cha barua, Mak-san, saba. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilikuwa nimejiandaa apige kelele, avunje kitu.

Akasema, "Mama, ungeniuliza."

Basi. Akaenda kumwinulia mkewe kichwa, kisha akavaa nguo nyeupe akatoka.

Alikwenda mwenyewe mahakamani kusema lile daftari ni la uongo. Lakini fikiria, angesema nini? Akimtaja Mak-san, mtumwa yule wangempiga mpaka afe, na mkewe wangemuuza mbali. Akinitaja mimi, wangenichukua mimi. Akasema ni yeye mwenyewe, kwamba kwa uchu wa alama alikuwa akichepuka bwaloni kula na kutia sahihi, sasa ametubu, anazirudisha alama saba na anataka awekwe na wenzake. Yaani uongo unaomvua nguo mbele ya watu. Hakimu akamuuliza angechepukaje na wao walikuwa wakiwaangalia langoni mchana na usiku.

Akamjibu, "Kumbe Waheshimiwa mlikuwa mnatuangalia?"

Nasikia karani mmoja aliangua kicheko. Kwa kicheko hicho wakamwongezea mdogo wako viboko kumi juu ya thelathini. Wakamfuta Chuoni, wakampa kisiwa.

Na Ok Se-pil, kama unataka kujua, mjomba wa mama yake ameingia barazani. Mwezi uliopita Se-pil alitia sahihi ile karatasi ya kushukuru, wakamrudisha Chuoni, sasa yuko bwaloni, anakula, anahesabu alama zake. Mama yake alituletea keki za mchele kusherehekea. Nilizipokea kwa mikono miwili na kumshukuru kama inavyopasa, nikawapa mbwa wa jirani. Wakazila. Mbwa hana upande.

Chi-un aliondoka siku ya nne ya mwezi wa tisa. Aliinama kwa bibi yake, akainama mbele ya kibao cha baba yake, akainama kwangu pia, hakupunguza hata kidogo. Lakini wali niliompikia hakuugusa. Mapaja yalikuwa wazi nyama tupu. Walimlaza kifudifudi kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Wifi yako alimsindikiza kwa miguu mpaka mtoni. Mimi nilibaki mlangoni, sikujua kama nina haki ya kwenda. Tangu siku hiyo hatujapata neno. Sijui kama alifika. Sijui kama vidonda vimefunga au vimeoza njiani. Kwa hesabu yangu alipita kwenu Haenam kungoja chombo cha kuvukia, siku chache baada ya Mzee Geum-dong kuondoka.

Sasa sikiliza jambo lililonifanya nikae chini leo.

Juzi baba yako mdogo alikuja na karatasi. Ni ile ile ya kushukuru. Baraza limetoa amri mpya: walio uhamishoni watakaoitia sahihi kabla mwezi wa kumi na moja haujaisha watarudishwa makwao. Nikamuuliza, na wasioitia? Alikunja kiganja kama mtu aliyeshika bakuli, akakiinamisha.

Halafu akaniambia, "Shemeji, kwenda na kurudi Jindo ni mwezi mzima, na njia ikiwa na theluji ndiyo basi. Sahihi yake si unayo wewe? Uliitoa kwa ajili ya alama saba. Leo ni roho yake, unaona haya?"

Aliiacha karatasi juu ya kabati akaenda zake. Nisimseme vibaya, naye anaogopa. Mtu wetu akinyweshwa sumu, jina linachafuka kwa sote, na wanawe wanaanza kusoma. Lakini maneno yale yalinichoma kwa sababu hayana uongo. Sahihi ninayo. Mkono wangu huu usiojua maandishi ya wanaume ile moja unaiweza, nimeitazama mno. Nilitoa wino. Nilisugua wino mpaka ukawa mzito kama uji, binti yangu, nakwambia kweli. Nikawaza: nitaitia, atarudi, atanichukia, lakini atanichukia akiwa hai, ameketi kwenye sakafu yetu inayopashwa moto, mtoto wake mapajani.

Bibi yako alikuwa amelala, nilidhani. Akasema kutoka kwenye blanketi lake, "Wewe ulimpa maziwa. Jina alipewa na babu yake."

Nikaumwaga wino. Kile kipande cha barua nimekitia jikoni chini ya chungu, kimeungua, hakipo tena. Lakini karatasi ya baba yako mdogo bado iko juu ya kabati, maana sina haki ya kuichana pia. Kuituma nako siwezi, ikipotea njiani hakuna nyingine.

Kwa hiyo naomba mambo machache, na uyafuate kama nilivyoyaandika.

Mume wako avuke kwenda Jindo mara tu Mzee Geum-dong atakapofika. Asiende na maneno mengi, na asiende amelewa. Ampelekee suruali ya pamba niliyoifunga pamoja na barua hii. Nimeijaza pamba mara mbili kwenye mapaja, kwa ajili ya vidonda. Nilitaka kukwambia useme umeishona wewe, ili asiikatae. Hapana. Semeni imetoka kwangu. Akiikataa, ikate umshonee Bok-sil.

Kisha amuulize hili moja tu: karatasi ya kushukuru, anataka atiliwe sahihi au hataki? Amweleze amri yote, mpaka lile bakuli, asimfiche. Asimsihi kwa niaba yangu. Asimwambie mama analia. Asimtaje Yeon-i wala mkewe, maana huko ni kumshika mtu koo. Wifi yako mwenyewe ndiye aliyesema hivyo, na alikuwa akisema huku anakunja nguo za mumewe, hakuinua uso.

Usidhani nimekuwa jasiri. Mimi nataka aseme ndiyo. Mchana kutwa nataka aseme ndiyo. Mwalimu Seol alikuwa mtu mwema, lakini sikumzaa mimi. Wakubwa wanagombana huko juu kwa vitabu vyao, anayeshinda leo anamnywesha mwenzake, na kesho wanabadilishana viti, ila wanaozikwa ni watoto wa watu waliokula uji. Nina uchungu na mfalme, Mungu wa mbinguni anisamehe, nina uchungu na vitabu vyenyewe. Ningejua, ningemwachia alime.

Lakini akisema hataki, andika hataki. Usilipambe, usiniandikie kwamba bado anafikiri. Nitaichukua karatasi ile kwa mkono wangu na kumrudishia baba yako mdogo mlangoni kwake, watu wakiona.

Na uniambie mapaja yake yakoje. Na kama ana mahali pa kulala penye moto. Na kama anakula. Mambo ya msamaha usimuulize, si mzigo wa kumpa sasa.

Msalimie sana mama mkwe wako, mwambie dawa ya kifua ni pea iliyochemshwa na tangawizi, anywe ya moto. Msalimie mume wako, na umwambie namtegemea kama mwanangu wa kuzaa. Mbusu Bok-sil na mdogo wake kwa ajili yangu, mmoja kila shavu. Mbingu ziwafunike, ghala lenu lisikauke, na watoto wako wafike uzee bila mtu yeyote kujali wanafikiri nini.

Mzee Geum-dong anaondoka alfajiri. Ameniapia siku kumi na nne. Nawe ukipata jibu usingoje msafiri wa kuja huku kwa shughuli zake. Mtafute mtu mwenye farasi, siku hiyo hiyo, hata kabla hujaandika salamu. Linifikie kabla ya siku ya ishirini na tano ya mwezi wa kumi na moja. Likiwa ndiyo, nitapiga magoti nishukuru, kisha nitaitia mimi sahihi kwa ruhusa yake. Likiwa hataki, nitalia, lakini nitajua kwamba siku ile alikuwa hai na alikuwa na nguvu ya kukataa. Nisichoweza ni kukaa bila neno. Andika upesi, mwanangu. Andika upesi.

Ni mimi mama yako, anayekupenda na kukungoja mlangoni.